Amplifaya ya Mfukoni: Sauti Kubwa Siyo Hoja

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mmarekani Chu Moy alichapisha mchoro wa kidude ambacho mtu yeyote anayejua kushika pasi ya kuchomea risasi angeweza kukijenga mezani kwake. Kilihitaji betri ya volti 9, chipu ya kukuza mawimbi ya sauti, rizista na kapasita chache, na kitufe cha kuzungusha. Wajenzi wengi walikipakia ndani ya kikopo cha bati cha pipi za mnanaa za Altoids, na hadi leo kinaitwa CMoy. Kazi yake ni kukaa kati ya kicheza muziki na hedifoni. Lakini kila kicheza muziki chenye tundu la hedifoni tayari kina amplifaya yake ndani. Ya pili ya nini?

Muulize mwenye nayo, atakwambia inaongeza sauti. Ni kweli, ila hiyo ndiyo faida yake ndogo kuliko zote.

Ndani ya hedifoni nyingi mna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye kiwambo na kuning'inizwa mbele ya sumaku. Umeme ukipita, koili hutikisika, kiwambo husukuma hewa, nasi tunasikia. Koili hiyo hukinza umeme kwa kiasi kinachopimwa kwa omu. Iafoni za kawaida zina omu 16 hadi 32. Sennheiser HD 600, hedifoni ya Kijerumani inayopendwa na mafundi wa kuchanganya sauti, ina omu 300. Sasa chukua kicheza muziki kinachotoa nusu volti. Kwenye omu 32 kitapeleka karibu miliwati 8. Kwenye omu 300 hakitafikisha hata miliwati moja. Muziki uleule, kicheza kilekile, nguvu pungufu mara tisa.

Mtu anaweza kusema miliwati moja inamtosha, na kwa wimbo wa siku hizi uliokandamizwa studio hadi kila ala ikawa na sauti sawa, pengine hakosei. Tatizo hujitokeza kwenye rekodi ambayo haikukandamizwa, ya okestra au ya bendi iliyorekodiwa jukwaani. Humo pigo moja la ngoma linaweza kudai nguvu mara 100 ya wastani wa wimbo wenyewe. Volti zikiisha, kilele cha wimbi hukatwa, na pigo lililopaswa kugonga hutoka likiwa butu na lenye mikwaruzo. Msikilizaji hulaumu hedifoni, kumbe hedifoni haina kosa.

Hata hivyo, hadithi ninayoipenda zaidi ni ya besi, kwa sababu inawageukia wenye iafoni za omu chache. Vicheza muziki vingi vya zamani viliwekewa kapasita kwenye njia ya kutokea sauti, ili umeme wa betri usiingie moja kwa moja kwenye koili. Kapasita hupitisha sauti za juu bila shida, ila huzibana zile nzito, na kadiri omu za hedifoni zinavyopungua ndivyo inavyobana zaidi. Kwa kapasita ya maikrofaradi 220 na iafoni ya omu 16, nguvu ya sauti hushuka hadi nusu kwenye mitetemo 45 kwa sekunde, na chini ya hapo huzidi kuporomoka. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41. Mpiga besi amefanya kazi yake, lakini nusu ya nguvu ya noti yake ya chini imebaki njiani. Ukiweka amplifaya katikati, kicheza muziki hakikutani tena na omu 16. Mlango wa amplifaya huwa na omu maelfu, mara nyingi 10,000, na kapasita ileile hupitisha besi yote. Hapo ongezeko la sauti halihusiki kabisa. Simu na vicheza vingi vya kisasa havina tena kapasita hiyo, na ndiyo maana sifa za amplifaya zilizoandikwa miaka 20 iliyopita hazikihusu kila kifaa cha leo.

Mahali pa kuchukulia muziki napo pana uzito. Tundu la hedifoni hutoa sauti iliyokwisha kukuzwa, na amplifaya ya pili hukuza kila inacholetewa, pamoja na mvumo na mikwaruzo. iPod za tangu 2003, zenye kiunganishi cha pini 30, zilimwezesha mtu kuuchukua muziki kabla haujafika kwenye amplifaya ya ndani. Njia hiyo ndiyo bora. Wenye hedifoni za Bluetooth hawahusiki: amplifaya yao imo ndani ya hedifoni yenyewe.

Soko la vidude hivi limejaa maneno matamu kuhusu sauti "yenye joto" na "yenye hewa". Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakutaja jina lake halisi, alitoa bure mchoro wa amplifaya aliyoiita Objective2 pamoja na vipimo vyake vyote. Msimamo wake ulikuwa kwamba amplifaya nzuri haiongezi ladha yoyote, na kwamba bei si kipimo cha ubora. Mwaka uliofuata alinyamaza. Mimi niko upande wake.

Kwa hiyo, kama una iafoni za kawaida na simu ya kisasa, fedha yako iende kwenye iafoni bora. Amplifaya inunue mwenye hedifoni ya omu nyingi, au mwenye kicheza muziki cha zamani kinachomnyima besi. Naye akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha usalama kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 tu. Amplifaya ya volti 9 ina uwezo wa kuvuka hapo kwa urahisi mno, na vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Rudisha kitufe hadi sifuri kwanza, ndipo uvae hedifoni.