Macho ya Dereva

Watu wengi hudhani ya kuwa macho ya dereva hutulia mbele kama taa za gari lake. Sivyo hata kidogo. Jaribu wewe mwenyewe: yakaze macho yako juu ya neno moja katikati ya mstari huu, kisha, bila kuyaondosha hapo, jaribu kusoma neno lililo mwisho wa mstari. Utashindwa. Jicho huona sawasawa mahali padogo tu, kadiri ya upana wa kidole gumba cha mkono ulionyoshwa. Kwingine kote huona kama kivuli.

Kwa hiyo macho ya dereva hayana budi kurukaruka, kama mara tatu kwa sekunde moja, na mambo yaliyo mbele yake ndiyo yanayoyaongoza. Njia ikinyoka, hutazama mbali. Njia ikipinda, hutafuta ukingo wa ndani wa kona kabla hajageuza usukani. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Land na Lee, walilionyesha jambo hili walipopima macho ya madereva katika njia yenye kona nyingi huko Uskoti.

Njia itokayo Karatu kwenda Ngorongoro yatufundisha vivyo hivyo. Baada ya lango la Lodoare hupanda msituni, kona baada ya kona, hata ukingo wa kreta. Ukungu ukishuka, ukingo wa njia hufichika, macho yakakosa kiongozi. Basi yampasa dereva kwenda polepole. Tena akifika juu, kreta yenyewe, iliyo chini yake kadiri ya meta 600, huyavuta macho yake. Dereva mwenye akili husimamisha gari kwanza, ndipo atazame. Maana gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa sekunde moja.

Nawe uvukaye njia kuu ya Karatu kwenda shuleni, yakumbuke haya. Dereva aweza kukuelekezea uso wake asikuone, kwa kuwa macho yake yamerukia lori au kundi la ng'ombe. Usiseme moyoni, "Mimi nimemwona, basi naye ameniona." Ngoja mpaka gari limesimama kabisa, ndipo uvuke.