Mlo wa Kichina Sokoni Tala

Juzi mgeni wangu, kijana wa Nairobi, aliniuliza ni wapi hapa Tala angepata mkahawa wa Kichina au wa Kimalaysia usiomkausha mfuko. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mikahawa ya Kichina iko Kilimani na Hurlingham, na bei zake hazimfai mchuuzi wa nyanya.

Hata hivyo, swali lake halikuwa la kipuuzi. Chapati nayo ilitoka ng'ambo, Bara Hindi, na leo ni nadra kuona hoteli ya Wakamba isiyoipika. Haikuletwa na mikahawa ya kifahari. Ilipokewa kwa kuwa yahitaji unga, mafuta na kikaango tu. Kwa nini tambi za Kichina zisifuate njia hiyo hiyo?

Nilichohofia mimi ni kingine. Nilitaka kumwonjesha muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi maganda yakabanduka, kisha yakachemshwa kwa saa nyingi pamoja na mbaazi au maharagwe. Tuliingia hoteli tatu tukakuta chipsi. (Kiazi nacho ni mgeni, tusisahau.) Ya nne tuliitambua kwa wapagazi wa magunia waliojaa mlangoni, hao hawadanganyiki kuhusu shibe wala bei.

Kijana alikula kimya, kisha akaomba sahani ya pili.

"Imekwisha, mwanangu," mama akajibu. "Anayenitwangia ni mmoja tu, naye amezeeka."

Akamwekea chapati.