Waipa zinapojiwasha zenyewe, mtoto akiwa kwenye kioo

Ni Jumamosi asubuhi, Tabata. Baba anaosha gari ambalo halijafikisha wiki tatu tangu litoke bandarini. Binti yake wa miaka minane amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa chenye maji mkononi, anafuta kioo cha mbele. Kaka yake yuko ndani anasikiliza redio. Kitambaa kinapofika sehemu ya juu katikati ya kioo, waipa zinanyanyuka ghafla, zinapita kwa nguvu na kumgonga vidole.

Hakuumia sana. Alilia, akawekewa barafu, na baada ya nusu saa alikuwa anakula chapati. Lawama zote zilimwangukia kaka mtu kwamba amechezea swichi. Kijana akaapa hajagusa waipa. Jirani yao, fundi umeme wa magari, akachungulia ndani, akaona mkono wa waipa uko kwenye alama ya AUTO, akacheka.

"Mkubwa, dogo hajafanya kitu. Gari lenyewe limedhani mvua inanyesha."

Familia nyingi zimeanza kukutana na jambo hili baada ya kuagiza magari ya miaka ya karibuni kutoka Japani na Ulaya. Gari la zamani halikuwa na mambo mengi: mvua ikinyesha unawasha waipa, ikikatika unazima. Mary Anderson, mwanamke wa Alabama nchini Marekani aliyepewa hataza ya waipa mwaka 1903, alibuni ya kuvutwa kwa mkono kutoka ndani, kwa hiyo haikuweza kumshtua mtu. Hii ya sasa inaamua yenyewe, na anayeliosha gari hajui imeamua lini.

Inavyofanya kazi si uchawi. Nyuma ya kile kioo cha kati cha kutazama nyuma kuna kifaa kidogo, sensa, kilichobanwa kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Kinarusha mwanga usioonekana kwa macho, ukiingia kwenye kioo kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu, mwanga karibu wote unarudi kwenye sensa. Tone la maji likikaa pale nje, sehemu ya mwanga inapotelea humo. Mwanga unaorudi ukipungua, gari linasema mvua, waipa zinapita. Ukipungua sana, zinapita kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo sensa haioni mvua. Inapima kipande cha kioo kisichozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kitambaa chenye maji kikipita hapo, kwake ni mvua. Hata kugusa sehemu hiyo kwa mkono kunaweza kuziamsha waipa, na vitabu vya maelekezo vya magari mengi vinaonya hivyo. Tatizo ni kwamba kitabu kilichomo kwenye gari la Japani kimeandikwa Kijapani, na wengi hukiacha kwenye droo ya dashibodi mpaka gari linauzwa tena. Toleo la Kiingereza la magari mengi hupatikana mtandaoni kwa kutafuta jina la gari na mwaka, na ukurasa wa waipa unastahili kusomwa kabla ya ule wa redio.

Kaka mtu, kwa kweli, naye alikuwa na sehemu yake. Gari ni la kitufe. Ili asikilize redio alikibonyeza mara mbili bila kukanyaga breki, umeme wote ukawaka wakati injini imezimwa. Angebonyeza mara moja tu, redio ingelia na waipa zingebaki zimelala. Tofauti ya mbonyezo mmoja hakuna aliyewahi kumweleza, na baba mwenyewe alikuwa haijui.

Hapa ndipo wazazi wanapaswa kuwa wakali: gari lisioshwe, na mtoto asipande kufuta kioo, kama umeme umewashwa. Mkono wa waipa urudishwe OFF, gari lizimwe, na ufunguo au rimoti iwe mfukoni mwa mtu mzima. Ni hivyo hivyo kwa vijana wanaoosha magari barabarani, ambao mara nyingi huachiwa gari linanguruma ili mwenye gari aendelee kupata kiyoyozi. Nao wana vidole.

Barabarani, AUTO ni msaada wa kweli. Asubuhi ya masika, foleni ya Ubungo, watoto wawili nyuma wanagombania mkoba na mmoja amesahau daftari. Mzazi asiyelazimika kuongeza na kupunguza waipa kila dakika anabaki na mikono miwili kwenye usukani. Hilo si jambo dogo.

Lakini sensa hujibu baada ya maji kufika. Lori likikumwagia tope la dimbwi ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lako linakata mita 22 kila sekunde. Ikichelewa sekunde mbili, umeenda mita 44 bila kuona. Ndiyo maana dereva mzoefu huacha kidole karibu na mkono wa waipa, tayari kuupiga mara moja zipite kwa amri yake. Katika magari mengi ya Japani unausukuma juu kidogo na kuuachia. Anayehama kutoka gari la Japani kwenda la Ulaya ajizoeze kwanza uwanjani, maana mikono hiyo imebadilishana pande, na wiki ya kwanza atawasha waipa kila anapotaka kukata kona. Majirani watacheka.

Vumbi ni habari nyingine. Kwenye barabara ya changarawe, uchafu ukijaa juu ya sensa waipa zinaweza kupita kwenye kioo kikavu, na mchanga ulio chini ya raba unachora kioo. Mikwaruzo hiyo huijui mchana. Utaijua usiku, taa za gari la mbele zitakapotawanyika machoni. Kiangazi ni afadhali OFF, na kioo kilowanishwe kwanza kabla ya kupitisha waipa.

Lipo pia suala la kubadilisha kioo. Jiwe limeruka, kioo kimepasuka, fundi anatafuta cha bei nafuu. Kati ya sensa na kioo huwa kuna jeli maalumu, na inatakiwa ikae bila hewa kabisa. Ikirudishwa na mapovu, au ikigandishwa kwa gundi yoyote iliyopatikana dukani, waipa zitapiga kwenye jua na kulala kwenye mvua. Muulize fundi kabla hajaanza kung'oa: kioo kipya kina nafasi ya sensa? Jeli ipo? Na kikishafungwa, usikubali tinti wala stika, hata ile ya nenda kwa usalama, ibandikwe mbele ya sensa.

Magari mengine, yakiwemo baadhi ya Mercedes-Benz, hutumia sensa hiyo hiyo kufunga sanrufu yakiwa yameegeshwa na mvua ikaanza. Ni raha kwa aliyesahau kufunga. Si raha kwa mtoto aliyeachwa ndani na kutoa mkono juu ashike matone. Kinga ya kusimama inapokuta kizuizi isijaribiwe kwa mkono wa mtu, na mtoto asiachwe peke yake garini, mvua au jua.

Kitu kimoja sensa haina uwezo nacho kabisa ni kina cha maji. Waipa zinaweza kupiga vizuri, kioo kikawa safi kama cha duka la dhahabu, na mbele yako Jangwani imejaa. Hapo hakuna kitufe. Mzazi anageuza gari, watoto wachelewe shule.

Tabata, Jumamosi iliyofuata, ndoo ilipinduliwa tena pale pale. Binti alichukua kitambaa, lakini hakupanda.

"Baba, rimoti iko wapi?"

Baba akaipapasa mfukoni, akaitoa, akamwonyesha. Ndipo akapanda.