Barafu ya Bahari: Unene Pekee Hautoshi

Je, wajua kwamba ipo bahari ambayo watu hutembea juu yake kwa miguu? Kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia, kati ya Ufini na Uswidi, maji huganda karibu kila majira ya baridi. Kwa vizazi vingi, barafu ikishakomaa, watu wamevuka juu yake kwenda kisiwa cha Hailuoto, jirani na mji wa Oulu.

Siri ni uchache wa chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari kuu hubeba takriban gramu 35 za chumvi, nayo huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Maji ya huku hulishwa na mito mingi. Yana gramu 2 hadi 4 tu, kwa hiyo huwahi kuganda.

Hata chumvi hiyo kidogo, barafu huikataa. Fuwele zinapojijenga huisukuma nje, na inayonaswa hukusanyika kwenye vijifereji vyembamba vya maji ya chumvi kali yasiyoganda. Humo huishi mwani mdogo mno. Lakini vijifereji hivyohivyo huifanya barafu ya bahari iwe dhaifu kuliko ya ziwa yenye unene uleule.

Anayetembea ufukoni huisikia ikinguruma. Baridi ikizidi husinyaa, joto likipanda hutanuka, nayo hupasuka. Mngurumo huo peke yake si hatari. Cha kuogopwa hakipigi kelele: midomo ya mito, penye mikondo, kando ya matete na miamba, na chini ya theluji, ambayo huifunika barafu kama blanketi na kuizuia isinenepe. Jua la Aprili nalo huilegeza kwa ndani ingali nene.

Ndiyo sababu wenyeji huipima kwa fimbo ya chuma, hawatoki peke yao, na huvaa shingoni jozi ya misumari yenye vishikio. Aliyetumbukia huichoma kwenye barafu na kujivuta juu.

Wapo pia wenye makao juu ya barafu hiyo. Sili wa pete huzaa mtoto mmoja, Februari au Machi, ndani ya pango la theluji juu ya barafu. Ukiona tundu lake la kupumulia, geuza njia mapema: mama akikimbia, mtoto hubaki kwenye baridi bila maziwa.