Urubani Una Gharama Zake

Mwana akisema ataka kuwa rubani, wazazi huona fahari. Ndoto ni njema, lakini yataka hesabu. Leseni ya kurusha ndege za biashara huhitaji saa zipatazo 200 angani, na kila saa ina malipo yake ya ndege, mafuta na mwalimu. Na leseni si kazi: mwaka 2020, korona ilipozuia safari, hata marubani wazoefu walikosa ajira. Shamba la minazi likishauzwa halirudi. Na mkopo wa riba, licha ya kuwa haramu, hudai hata asiye na mshahara. Basi kijana apimwe afya kwanza, maana asipofaulu kwa daktari hapati leseni. Ada nayo ilipwe kidogo kidogo, kwani chuo kikifilisika, fedha zilizotangulia huenda zikapotea. Tahadhari kabla ya athari.