Jua la Mpira, Dunia ya Ulezi

Mwezi Mei 1774, watu wengi wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, walikuwa na hofu ya mwisho wa dunia. Kijitabu kilichosambaa kati yao kilidai kwamba tarehe 8 Mwezi, Zebaki, Zuhura, Mirihi na Mshtarii vitaonekana vimekusanyika pamoja angani, na mvuto wao utaing'oa Dunia kwenye njia yake na kuitupa Juani. Siku ikafika, ikapita, na Dunia ikabaki palepale.

Katika mji mdogo wa Franeker aliishi fundi wa kuchana sufu, Eise Eisinga, aliyekuwa na umri wa miaka 30. Hakuwa profesa, ila hesabu na elimu ya nyota alizipenda tangu utotoni. Mwaka huohuo alianza kuijenga mbingu kwenye dari ya sebule yake, na kazi hiyo ikamchukua miaka saba. Alikata mifereji ya duara darini, mmoja kwa kila sayari, na katika kila mfereji akaning'iniza mpira mdogo. Juu ya dari alificha magurudumu ya mbao yenye meno ya misumari ipatayo 10,000, yote yakiendeshwa na saa ya pendulamu. Sayari za Eisinga hazikimbii ili kumfurahisha mgeni. Zohali ya darini huchukua miaka zaidi ya 29 kumaliza mzunguko mmoja, sawa na Zohali ya angani. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, mtambo unafanya kazi, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Skeli aliyoitumia ni rahisi kuikumbuka: milimita 1 inawakilisha kilomita milioni 1. Dunia iko sentimita 15 kutoka kwenye Jua, na Zohali karibu mita moja na nusu. Mwaka 1781, Eisinga alipokuwa akikamilisha kazi, William Herschel aligundua sayari ya Uranusi huko Uingereza. Eisinga hakuiongeza. Duara lake lingehitaji upana wa karibu mita 6, na sebule haikuwa na nafasi hiyo.

Umbali aliupatia, lakini ukubwa wa sayari ulimshinda, kama ambavyo ungemshinda mtu yeyote. Kwa skeli hiyo Jua lingekuwa na upana wa milimita 1.4, na Dunia ingekuwa sehemu moja ya mia ya milimita, kitu kisichoonekana kwa macho. Ilibidi mipira yake iwe mikubwa kupita kiasi.

Michoro ya vitabu vya shule hukumbana na tatizo hilihili, na wachoraji wengi huacha umbali wakabaki na ukubwa. Jua hukaa pembeni mwa ukurasa, na sayari nane hujipanga mbele yake zikikaribia kugusana. Hakuna karatasi inayoweza kubeba yote mawili. Dunia ikichorwa kwa upana wa sentimita 1 tu, Jua linapaswa kuwa na upana wa sentimita 109 na kukaa mita 117 mbali na Dunia. Neptuni ingechorwa kilomita tatu na nusu kutoka kwenye Jua hilo. Mtoto aliyekulia kwenye mchoro wa kitabu anajua majina ya sayari zote, lakini jambo kubwa kuliko yote kuhusu Mfumo wa Jua, yaani utupu wake, hajawahi kulionyeshwa.

Inafaa kukumbuka kwamba wanaastronomia wenyewe walikuwa na modeli kabla ya kuwa na kilomita. Kanuni ambayo Johannes Kepler aliichapisha mwaka 1619 iliwezesha kujua uwiano wa umbali wa sayari kwa kutazama muda zinaotumia kulizunguka Jua. Ramani ilikuwepo, skeli haikuwepo. Ili kuipata, mataifa ya Ulaya yalituma watu sehemu nyingi za dunia kuitazama Zuhura ikipita mbele ya Jua mwaka 1761 na tena 1769. Nahodha James Cook alikuwa Tahiti kwa kazi hiyo. Kutokana na vipimo hivyo, Mfaransa Jérôme Lalande alikadiria umbali kati ya Dunia na Jua kuwa kilomita milioni 153. Kipimo tunachotumia leo ni kilomita 149,597,870.7. Kwa watu waliokuwa na darubini, saa na merikebu za matanga, kukosea kwa asilimia 2 tu ni kazi ya kustahili heshima.

Modeli iliyo kubwa kuliko zote duniani iko Sweden. Wanasayansi wawili, Nils Brenning na Gösta Gahm, walilitazama jengo la michezo la Stockholm lenye umbo la tufe, likijulikana kama Globen na sasa Avicii Arena, wakaliona Jua. Jengo lina kipenyo cha mita 110. Kwa skeli ya 1 kwa milioni 20, Jua lenyewe lingekuwa na kipenyo cha mita 70 hivi, kwa hiyo upana unaobaki unahesabiwa kuwa korona, tabaka la gesi ya moto linalolizingira.

Kutoka hapo sayari zimetawanywa nchini. Dunia, tufe la sentimita 65, iko katika Makumbusho ya Historia ya Asili, kilomita 7.6 kutoka kwenye jengo hilo. Mirihi imewekwa katika kituo cha maduka, ambako watu huipita wakiwa na mifuko ya sokoni. Mshtarii imepewa uwanja wa ndege wa Arlanda, kilomita 40 kutoka kwenye Jua, na Zohali imepewa mji wa Uppsala. Neptuni iko Söderhamn, kilomita 229. Pluto, yenye upana wa sentimita 12 tu, iko kilomita 300 kutoka Stockholm, karibu na maziwa ya Dellen, ambayo yenyewe yalitokana na kimondo kikubwa kilichoipiga ardhi mamilioni ya miaka iliyopita. Mpaka ambapo upepo wa Jua huanza kupungua kasi umewekwa Kiruna, kaskazini ya mbali, kilomita 950.

Ubora wa modeli hiyo uko katika safari. Anayetoka Stockholm kwenda Söderhamn hukaa njiani kwa saa kadhaa, na katika muda wote huo hakutani na kitu ila sayari chache. Utupu anausikia mwilini. Huko Maine, Marekani, profesa wa jiolojia Kevin McCartney aliwaongoza watu wa kujitolea na wanafunzi kujenga modeli nyingine kando ya barabara kuu namba 1, iliyozinduliwa mwaka 2003. Humo maili moja ni umbali wa Dunia hadi Jua, na dereva husafiri maili 40 kufika Pluto.

Si lazima kuwa na barabara kuu wala jengo la mita 110. Mwaka 1989 mwandishi wa elimu ya nyota Guy Ottewell alieleza matembezi ya takriban yadi 1,000, ambamo Jua ni mpira wa inchi 8 na Dunia ni punje ya pilipili manga. Skeli yake ni kama 1 kwa bilioni 6.3, na inatufaa sana kwa sababu mpira wa kawaida wa miguu, wenye upana wa sentimita 22, unakaribia kabisa kipimo cha Jua lake. Dunia inapaswa kuwa na upana wa milimita 2, kwa hiyo punje ya ulezi inafaa kuliko pilipili manga.

Mpira uwekwe katikati ya mstari wa goli, na wanafunzi watembee kuelekea goli la pili. Zebaki, chembe ya mchanga, iko mita 9, kabla ya kufika alama ya penalti. Zuhura ni punje ya ulezi, mita 17, ukitoka tu nje ya eneo la penalti. Dunia ni punje nyingine, mita 24. Mirihi ni mbegu ya mchicha, mita 36. Hapo sayari zote zenye ardhi ya mawe zimekwisha, na hata nusu ya uwanja haijafikiwa. Mshtarii, gololi kubwa ya sentimita 2.3, haimo uwanjani kabisa: iko mita 123, nyuma ya goli la pili. Zohali, gololi ya kawaida, iko mita 227. Uranusi na Neptuni ni kunde mbili, moja mita 454, nyingine mita 710, ambapo ni vigumu kuuona mpira.

Turudi kwenye punje ya ulezi. Mwezi ni chembe ya nusu milimita, sentimita 6 pembeni yake. Binadamu hawajawahi kusafiri mbali zaidi ya sentimita hizo 6 na ushee. Mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa kasi, unatambaa kwa chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde, na hutumia dakika 8 na ziada kutoka kwenye mpira hadi kwenye ulezi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, sasa kiko karibu kilomita 4 kutoka uwanjani. Na nyota iliyo jirani kuliko zote, Proxima Centauri? Kama mpira uko Dar es Salaam, nyota hiyo iko kaskazini mwa Italia.

Modeli hii ina namna ya kujithibitisha. Kwa kuwa ukubwa na umbali vyote vimepimwa kwa skeli moja, mtu anayesimama penye ulezi anauona mpira kwa ukubwa uleule ambao Jua huonekana angani. Jua halitazamwi kwa macho matupu, kwani linaweza kuyaharibu. Lakini Mwezi, kwa bahati ya umbali wake, huonekana angani kwa ukubwa karibu sawa na wa Jua.

Kwa hiyo walimu wa sayansi na jiografia wachague jioni ya mwezi mpevu, saa kumi na mbili na nusu hivi, wakati Mwezi unachomoza na mpira bado unaonekana. Mpira mmoja, kijiko cha ulezi, mbegu ya mchicha, gololi mbili na kunde mbili vinatosha kwa darasa zima. Wanafunzi wapime mita 24 wenyewe, wasimame penye Dunia, wautazame mpira, kisha waugeukie Mwezi na kulinganisha.