Mazoezi na bakteria wa tumboni

Wanene wengi huacha mazoezi baada ya mwezi mmoja kwa kuwa mzani haujashuka. Wanaharakisha. Yapo mabadiliko ambayo mzani hauyapimi.

Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 17 wenye uzito uliozidi. Waliendesha baiskeli ya mazoezi mara 3 kwa wiki, kwa wiki 6, bila kubadili chakula. Uzito haukupungua, lakini bakteria waitwao Akkermansia waliongezeka. Hawa huishi kwenye ute unaolinda ukuta wa utumbo, na kwa watu wanene mara nyingi huwa wachache.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachunguza watu wazima 32. Wiki 6 za mazoezi ziliongeza butireti, tindikali ambayo bakteria huitengeneza na seli za utumbo mpana huitumia kama chakula. Wembamba walinufaika zaidi kuliko wanene. Walipokaa wiki 6 bila mazoezi, faida kubwa ikapotea. Basi usitembee Rajabu ukategemea faida ikungoje mpaka Shawwal!

Wewe unayeketi dukani Kariakoo kutwa huhitaji jimu. Baada ya Swala ya Alfajiri tembea kwa haraka kupitia Mnazi Mmoja hadi Feri, upumue kwa kasi lakini uweze kuzungumza. Mwenye maumivu ya kifua aonane na daktari kwanza. Nyumbani pia, kunde, mchicha na ugali wa dona visikosekane, maana butireti hutokana na nyuzinyuzi za vyakula hivyo, si chipsi.